Upande wa Nyuma wa Karatasi

Nyumbani, juu ya duka,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini kwamba barua hii imekukuta ukiwa mzima, umelala vya kutosha, na lile jino ulilomlalamikia Mama kwenye simu limekubali kutulia. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo, ila miguu inamuuma kwa kusimama kutwa kwenye kaunta ya mikate. Baba naye hajambo, kwa namna nitakayoieleza. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni yako mbele, nami nakuomba usiruke kurasa, maana naijua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza.

Labda unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu, Dada, ni ya Baba, na wewe ukipiga huiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akafungua sauti yote ili wateja wajue binti yake anasomea utabibu. Kuna mambo hayasemeki mbele ya mtu anayepimwa suruali. Tena mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ina ugumu mmoja ambao simu haina: huwezi kusingizia kwamba mtandao umekatika.

Nianze na habari za Baba, kwa kuwa najua ndizo unazozitaka.

Baba amepungua, Dada. Ungemwona usingemjua kwa nyuma. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajafungua duka, hujipima kiuno kwa tepu yake mwenyewe, akaandika kwa chaki kwenye fremu ya mlango, pale alipokuwa akituandikia urefu wetu tulipokuwa wadogo. Ulipoondoka Januari aliandika mia moja na kumi na mbili. Jumamosi iliyopita aliandika tisini na nne. Suruali zake zote amezipunguza mwenyewe, na ile suti ya kijivu ya harusi, ambayo Mama alikuwa ameshaamua kuikata mifuko ya mito, ameivaa na kushuka nayo dukani siku ya kazi, bila sababu yoyote, akajifanya anatafuta mkasi.

Mama Saluni wa mlango wa pili alipomwona alitoka na kitana mkononi, akamwacha mteja wake na nusu ya kichwa, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima kama fundi amepata mke mwingine au ni huyu huyu wa mikate. Mama, aliyekuwa ndio kwanza ametoka kazini, alimjibu kutoka dirishani kwamba mke ni huyu huyu, ila mkate ndio ulioachwa, na kama yeye Mama Saluni anautaka aje auchukue ungali na joto. Walicheka mpaka yule mteja akatoka nje kuuliza nywele zake zitaisha lini.

Basi ndivyo ilivyokuwa miezi yote hii. Kila anayemsifu Baba, Baba humjibu neno moja: ni Daktari wangu. Wewe hujawa daktari bado, wala husomei udaktari hasa, lakini jina limeshashonwa na halifumuki. Picha yako ameibandika kwenye kioo kikubwa cha wateja, juu upande wa kulia, kwa hiyo mtu akija kujaribu koti hujiona yeye na wewe. Hata mimi nikijitazama pale kabla ya kwenda shule nakuona wewe kwanza.

Unakumbuka kwa nini tulianza. Baba Mkubwa alipoanguka akiwa na miaka hamsini na mbili, Baba alirudi kutoka mazikoni akakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga hadi chai ikapoa. Ulipokuja likizo ulimpeleka kupima, ukakuta mafuta ya damu yamezidi na sukari inanyemelea mpaka, ukakaa jikoni jioni nzima ukaandika ile karatasi. Asubuhi yake ukaibandika ukutani, juu ya jiko, ukapanda gari. Ulituambia kila kitu kimo katika karatasi. Hiyo karatasi, Dada, uikumbuke, nitairudia.

Sijui kama umewahi kufikiria karatasi hiyo ilinifanya nini mimi. Sikulaumu, naeleza tu. Kabla yako, asubuhi ilikuwa yangu na Baba. Mama hurudi na mkate uliobaki jioni, na asubuhi Baba alikuwa anakata ncha zote mbili za mkate, ile ngumu yenye ukoko, ya kwake na ya kwangu, tunachovya kwenye chai kabla wewe hujaamka. Hakuna tulichokuwa tunasema cha maana. Aliniita Pini, kama anavyoniita mpaka leo, kwa sababu nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni chini ya meza yake, na alikuwa anasema nina macho ya kuona kitu ambacho mtu mzima anakanyaga. Karatasi yako ilianza na neno mkate. Asile mkate. Siku hiyo ncha zangu zikaisha.

Baadaye nikapewa kazi. Mama yuko kazini tangu alfajiri, wewe uko chuoni, nani atamchemshia Baba mayai? Pini. Nani ataosha mboga, atamenya maparachichi, atakaanga samaki na harufu ya samaki ikamfuata mpaka darasani? Pini. Halafu Baba anakula, anafuta mdomo, anasema Mungu ambariki Daktari wangu. Niliposhika nafasi ya kwanza kwa insha nilishuka dukani mbio na cheti mkononi. Alikitazama kwa furaha kweli, sitamsingizia, akaniambia nimefanya vizuri sana, nikuandikie wewe nikwambie.

Nikakunja cheti changu nikapanda ngazi zote kumi na nne. Sikukuandikia.

Halafu likaja koti. Nadhani ni siri, lakini barua hii imeshajaa siri, moja zaidi haitailemea. Baba anakushonea koti jeupe la kuvalia siku ya kuhitimu. Si la kitambaa cha kawaida, ni pamba nzito aliyoiagiza, na matundu ya vifungo anayashona kwa mkono. Kwa kuwa haupo, na kwa kuwa mabega yangu sasa yamelingana na yako, mimi ndiye ninayejaribishwa. Nasimama juu ya kile kibao cha wateja, mikono nimeiinua kidogo, Baba ananizunguka na pini mdomoni, anabana hapa, anaachia pale, kisha anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anasema Daktari wangu atapendeza. Nimesimama ndani ya koti lako mara tano. Mara zote tano alikuwa anakutazama wewe.

Najua jina la ugonjwa huo. Ni wivu. Nilijaribu kuuita uchovu, nikajaribu kuuita masomo mengi, lakini mwalimu wetu hataki tuzungushe maneno ikiwa neno lenyewe lipo.

Sasa nije kwenye vipimo. Miezi mitatu baada ya kuondoka ulimsihi Baba kwenye simu akapime damu, akaenda, na majibu yakawa ya kufurahisha. Yale mafuta uliyotufundisha kuyaita trigliseridi yalikuwa mbili nukta nane yakashuka hadi moja nukta tano. Kolesteroli nzuri ilipanda kidogo. Sukari ilitulia. Ile mbaya ilisogea kutoka tatu nukta mbili hadi tatu nukta tano, na wewe ulisema ni ya kutazamwa, lakini Baba alishafunga masikio kwa furaha. Alisema kilichoshuka kimeshuka, na kiuno kinashuka kila Jumamosi, sasa damu itapandaje kinyume na mkanda? Yeye ni fundi, Dada. Maisha yake yote tepu haijawahi kumdanganya. Ulipomwambia apime tena mwezi wa sita alikuzungusha, unakumbuka? Mara kuna sare za shule, mara kuna harusi. Wateja wake huwalazimisha warudi kujaribu nguo mara ya pili kabla ya kukabidhiwa, hata wakilia kwamba wana haraka, kwa kuwa mtu huja amevimba leo na kesho amenywea. Mwili wake mwenyewe aliupima mara moja akaona inatosha.

Mpaka ulipomsimamia Mama, na Mama akamsimamia Baba, akapelekwa mwezi wa tisa akiwa amekasirika na amevaa suti ya kijivu.

Alhamisi iliyopita, mchana, Baba alikuwa anapandisha jora la kitambaa cha sare stoo ya juu. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia hatua zake zikihesabu ngazi, kisha kwenye ya saba au ya nane zikasimama. Nilichungulia. Alikuwa ameegemea ukuta, jora limelala miguuni, na mkono wa kulia umeshika kifua upande wa kushoto. Uso wake ulikuwa na jasho. Aliponiona alitabasamu, akasema si kitu, ni jora tu limenenepa yeye akikonda.

Dada, nilimwona Baba Mkubwa. Sitaandika zaidi juu ya dakika ile.

Nilikimbilia chumbani, nikatoka na karatasi ya maabara mkononi, nikamwambia majibu yametoka, nimetoka kuyachukua, twende hospitali sasa hivi. Mama Saluni alifunga duka lake akatushika mkono mmoja mmoja. Njiani alikuwa anamtania Baba kwamba akifa na kiuno kizuri hivyo itakuwa hasara, na Baba akamwomba apunguze kumchekesha, kifua kinavuta.

Tulipokelewa na daktari mwanamke, mdogo kwa umbo, mwenye miwani aliyoisukuma juu ya nywele. Walimlaza Baba, wakampima umeme wa moyo, wakamtoa damu, wakasubiri, wakampima tena. Moyo wake ni mzima. Pumua, Dada, andiko hili ni la kweli. Maumivu yalikuwa ya msuli wa kifua aliouvuta kwa kulibeba jora upande mmoja, na ukimbonyeza pale anapiga kelele. Lakini yule daktari alipoitazama karatasi ya maabara miwani ilishuka yenyewe machoni. Kolesteroli mbaya ilikuwa tano nukta nne.

Alituchorea kwenye karatasi ya dawa, na mimi ninakuandikia kama nilivyoelewa ili unisahihishe. Alisema mtu akiacha vyakula vya wanga na kupungua, mara nyingi trigliseridi hushuka, na za Baba zimeshuka kweli, ni moja nukta moja. Kolesteroli nzuri nayo mara nyingi hupanda. Lakini ile mbaya haina tabia moja kwa watu wote. Kwa wengi hukaa ilipo, kwa wengine hushuka, na kwa baadhi hupanda sana, hasa wakijaza pengo la mkate kwa siagi na mafuta yanayoganda. Ndiyo maana hupimwa tena na tena, kwa sababu picha ya mwezi wa tatu si picha ya mwezi wa tisa. Baba aliuliza sasa kiuno chake kina kazi gani. Daktari akamjibu kwamba kiuno ni kizuri na akitunze, ila tepu inapita nje ya ngozi.

Halafu akauliza nani anapika. Baba akanionyesha kwa kidevu, kwa fahari.

Daktari aliniuliza namkaangia nini. Nikamwambia. Mayai matatu kwa siagi, kijiko kikubwa, wakati mwingine viwili. Kuku na ngozi yake. Nyama yenye mafuta pembeni, kwa kuwa ndiyo laini. Soseji Jumapili. Siagi kwenye chai, kwa sababu Mama Saluni aliiona mahali kwenye simu yake na Baba akaipenda. Aliandika yote, akaniuliza kwa upole kama kulikuwa na mtu aliyetuelekeza hivyo. Kabla sijafungua mdomo Baba alisema ni binti yake mkubwa, yuko chuo cha afya, aliwaandikia karatasi nao wameifuata neno kwa neno.

Niliitazama kalamu ya daktari ikiyaandika na hayo.

Tumeambiwa asirudi kwenye kula ovyo alikotoka, ila abadilishe. Siagi iondoke, nyama iwe ile isiyo na mafuta, samaki na karanga na parachichi zibaki, maharagwe yarudi, na kipande kimoja cha mkate wa unga usiokobolewa asubuhi hakitamuua. Arudi kupima baada ya miezi mitatu. Ikiwa haijashuka ataanzishiwa dawa, na hilo litategemea pia habari za ukoo, kwa sababu ya Baba Mkubwa. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni siagi peke yake, huenda mwili wa Baba ni wa wale ambao kolesteroli ingepanda hata hivyo, kidogo au sana, na ndiyo kazi ya kipimo kutuambia.

Usiku wake mezani, Baba alituambia mimi na Mama tusikwambie. Alisema una mitihani, na wewe bado mwanafunzi, na mwanafunzi hukosea, hata yeye alipokuwa anajifunza alimkatia bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto. Ulifanya kwa nia njema, alisema, asisikie mtu analitaja jambo hili mbele yako. Na asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilipoingia jikoni nilimkuta ameamka kabla yangu. Alikuwa amekata mkate wa kahawia ambao Mama alikuja nao, ncha ya huku na ncha ya huku. Akasukuma moja upande wangu. Akaniambia nisingekimbilia yale majibu leo angekuwa bado anakunywa siagi. Akaniambia, Pini, kumbe daktari wa nyumba hii ni wewe.

Miezi tisa nimengoja sentensi hiyo, Dada. Niliupeleka ule ukoko mdomoni nikautafuna. Nilijifanya nimechelewa, nikautema njiani.

Sasa nakuambia kwa nini.

Majibu ya maabara hayakutoka Alhamisi. Niliyachukua mimi mwenyewe siku ishirini na tatu kabla. Tarehe ipo, juu kulia, kwa muhuri wa bluu, Baba hakuitazama kwa kuwa yeye hutazama mishale tu, lakini wewe ungeitazama kwanza. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama nje ya dirisha la maabara. Nilipoona tano nukta nne na ule mshale wa juu, jambo la kwanza nililolihisi halikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Nikasema kimoyomoyo, amekosea. Daktari wenu amekosea.

Nikaiweka karatasi ndani ya kamusi yangu, nikasema nyumbani kwamba majibu bado, nikapanga. Mwezi wa kumi na mbili utakuja kuhitimu, shangazi na wajomba watakuja, Baba atakuvisha lile koti mbele yao wote, na hapo mimi ningesimama na kuomba kusoma kitu. Nilikuwa nimeshaandika hata maneno. Ni maneno mazuri, Dada, ningepata alama nyingi. Na siku zote ishirini na tatu niliendelea kumkaangia Baba mayai kwa siagi, huku najua.

Bado kuna lingine, na hili ni baya zaidi kwa sababu ndilo la kwanza. Karatasi iliyo ukutani kwetu si yako. Asubuhi ile ulipoondoka, Baba alikuwa ameshuka kufungua duka, nami nikabaki naitazama hati yako juu ya jiko. Nikafikiria kwamba kila siku atapanda na kuisoma hati hiyo. Nikaichukua, nikakaa, nikanakili kwa hati yangu, nikabandika yangu, yako nikaificha kwenye kamusi. Nilimwambia Baba yako imemwagikiwa chai. Nilinakili upande wa mbele tu. Pale chini ulikuwa umeandika, mafuta, tazama nyuma. Niligeuza. Nikaona inaanza na Baba yangu mpenzi, na sikuendelea, kwa kuwa sikutaka kuona unavyompenda na anavyokupenda. Nikajiambia upande mmoja unatosha, kama karatasi za Baba za kukatia nguo, ambazo anachora nusu tu na kukunja kitambaa katikati, nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Yale maneno ya tazama nyuma sikuyanakili. Siagi kwa kijiko haikuwa yako kamwe. Ilikuwa yangu, kwa sababu siku ya kwanza nilipoizidisha Baba alilamba uma, akaniambia leo nimemkosha.

Jana Jumamosi nilitoa karatasi yako kwenye kamusi ili niisome vizuri kabla sijakuandikia. Kwa mara ya kwanza nikasoma upande wa nyuma. Umeandika kwamba siagi iwe ya kupaka kikaango tu, isiwe chakula. Umeandika kuku atolewe ngozi, na maharagwe yasikosekane. Umeandika kwamba miili haifanani, tepu isimdanganye, na apime mwezi wa tatu na wa sita hata akijiona kijana. Na chini kabisa, umebana maneno kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, umeandika hivi: Haya yote mkabidhi Pini. Mimi nitasahau nikiwa mbali, yeye hasahau. Yeye ndiye mwenye macho nyumbani.

Neno hilo lilikuwepo pale miezi tisa, unene wa karatasi moja kutoka machoni pangu.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua hii hii, kwa sababu hujapata hata muda wa kukasirika. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usiamini mtu yeyote atakayekuambia kwamba ulikosea, hata Baba akikutetea. La pili, uniandikie wewe mwenyewe namna ya kupika maharagwe yakalainika bila mafuta, maana ya jana yalikuwa kokoto na Mama alicheka peke yake. Barua hii nitampa Baba aisome kabla sijaifunga. Nimeandika hivyo hapa makusudi, ili nisiweze kugeuka.

Mama anakusalimu, anasema ule, na usilale na nywele mbichi. Mama Saluni anakusalimu, anasema kichwa chako cha kuhitimu ni chake na hataki kusikia saluni nyingine. Wasalimie wenzako wa chumbani, hasa yule anayekoroma. Nakutakia mitihani ya utulivu na mkono usiotetemeka.

Mdogo wako, anayekupenda hata alipokuwa hajui,

Pini.

Nyongeza. Baba amesoma. Alisoma akiwa amesimama dukani, miwani puani, kidole kikipita chini ya mistari, na alipofika mwisho akarudi mwanzo. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama kwa muda mrefu hivyo bila kuegemea kitu. Hakunifokea. Aliuliza ni siku ngapi, ingawa nilikuwa nimeandika, nikasema ishirini na tatu. Akasema, Pini, hii umenichoma. Kisha akakaa, akatazama picha yako kwenye kioo, na mimi nikiwemo kwenye kioo hicho nyuma yake, akasema ametuvalisha nguo moja watoto wawili, na kosa hilo ni la fundi. Hilo sikulitegemea, na sijui kama nalistahili. Kuanzia kesho asubuhi nitakuwa naamka alfajiri pamoja nao, yeye na Mama, na mimi ndiye nitakayemweleza daktari ukweli siku ya kurudi. Hiyo ndiyo adhabu, pamoja na kukupigia simu Jumapili ijayo, bila kuwafungulia wateja sauti.

Halafu aliomba karatasi yako. Alipanda nayo ngazi polepole, mimi nyuma yake, akabandua yangu ukutani bila kuichana, akaweka yako. Alitoa pini kwenye kola ya shati lake. Nilimpa gundi ya karatasi ili aibandike pembe zote nne isianguke, akakataa. Ameibana kwa pini moja tu, pale juu katikati, ili iweze kugeuzwa.